Mfungeni kwanza

Kelele zilianzia getini. Ilikuwa saa saba kasoro usiku, idara ya dharura imetulia kidogo, namalizia kuandika ripoti ya mgonjwa wa pumu, mara nasikia bajaji inafunga breki na watu wanagombezana. Mlinzi akaja mbio dirishani.

"Sista, kuna chizi huyo wamemleta. Wamemfunga lakini anataka kukata kamba."

Nikanyanyuka nikiwa nimeshajua naenda kuona nini.

Alikuwa kijana wa miaka kama 17, kavaa suruali ya shule, shati limelowa jasho utadhani ametolewa mtoni. Wanaume wanne walikuwa wamembeba msobemsobe, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya manila, ile ya kuanikia nguo. Anatukana, anatema mate, mara anacheka, mara anaita jina la mtu tusiyemjua. Mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna. Nikasema maneno ambayo nimeyasema mara nyingi kwenye kazi hii, na usiku ule niliyasema kabla hata sijamgusa mgonjwa: "Mfungeni kwanza kitandani, mengine baadaye."

Wakamfunga. Mlinzi alisaidia, maana ana mikono ya kazi. Daktari wa zamu, kijana aliye mafunzoni, akaandika sindano ya kumtuliza. Nikaivuta dawa kwenye bomba. Nje kulikuwa na mwanamke analia kwa sauti, na mlinzi kwa kufuata utaratibu alikuwa amemzuia asiingie, kwa sababu ndugu wakilia ndani wanawatia hofu wagonjwa wengine. Utaratibu huo nilimfundisha mimi.

Ni mlinzi huyohuyo aliyerudi, kofia mkononi, akaongea kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana anajifanya daktari. "Sista, yule mama anasema mwanawe huwa anajichoma sindano za sukari. Sijui inasaidia?"

Bomba nikaliweka kwenye trei. Nikamchoma kidole. Kipima sukari kikahesabu sekunde zake, kikaandika 1.7.

Kwa msiokuwa kwenye kazi hizi: mgonjwa akiwa amechanganyikiwa na sukari yake iko chini ya 3.5, hatusubiri. Ubongo hauna akiba ya sukari. Ikipungua mtu anaweza kutoka jasho, kutetemeka, kutukana, kupigana na mama yake mzazi, halafu akanyamaza, na ule unyamavu ndio mbaya zaidi. Ile sindano yangu ya kutuliza ingemnyamazisha mapema, sote tungeshukuru kwamba kelele zimeisha, na asubuhi tungekuwa tunatafuta la kumwambia mama.

Tukampa glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa. Sijamaliza kubandika plasta, macho yake yakatulia. Akatazama dari, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri: "Shikamoo. Kiatu changu kingine kiko wapi?"

Alikuwa amejichoma insulini jioni kama kawaida, akaketi kusoma kwa ajili ya mtihani, chakula akakisahau. Hadithi yenyewe ni hiyo tu. Mama aliporuhusiwa kuingia hakunilaumu. Aliomba mafuta, akakaa pembeni ya kitanda anampaka mwanawe kwenye viganja na mikono, pale kamba ilipochora. Mimi nilijifanya nina kazi upande wa pili wa chumba.

Tangu bajaji ifunge breki hadi kidole kichomwe zilipita dakika 20 na ushei. Nimezihesabu mara nyingi.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Mwaka mmoja kabla nilipitia kozi ya huduma za msingi za dharura, ile iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikatoka 2018, na ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi ilikojaribiwa mwanzoni, pamoja na Uganda na Zambia. Kozi hiyo ina somo zima la mgonjwa aliyebadilika fahamu. Unapanda ngazi ya A, B, C, D, E: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, halafu unamvua nguo umkague mwili mzima. Ukifika kwenye fahamu, pima sukari. Ningeletewa kijana yuleyule amelala kimya, ningepima sukari katika dakika ya pili, hata nikiwa nusu usingizini. Lakini hakuletwa amelala. Aliletwa na jina: chizi. Jina liliingia kabla yake, likakaa kitandani, na mimi nikalihudumia jina.

Lugha yetu haituonei huruma katika hili. Chizi, kichaa, mwehu, punguani, zimeruka fyuzi, zimepungua. Dodoma kuna hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, na nchi nzima "apelekwe Mirembe" ni tusi la kutupiana kwenye mpira. Waunguja wana Kidongo Chekundu chao, Nairobi wana Mathari. Majina ya mahali pa kutibiwa tumeyageuza fimbo, kisha tunashangaa mtu anakaa na mgonjwa ndani miaka minne bila kumpeleka popote.

Miezi kadhaa baada ya usiku ule ikaja barua: mafunzo ya siku tatu ya afya ya akili kwa watumishi wa huduma za dharura. Nikaandikishwa. Nitasema ukweli, nilikwenda kama tunavyokwenda semina zote, na daftari jipya na hesabu ya posho kichwani. Ukumbi wa kawaida, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, chai ya saa nne na vitumbua, karatasi ya mahudhurio inazunguka kuliko mwalimu. Ile chai tu ilikuwa nzuri kuliko semina tatu nilizohudhuria kabla.

Mwalimu alikuwa muuguzi mstaafu wa magonjwa ya akili, mama mfupi, ana sauti ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima unyamaze. Baadaye nilielewa kwamba hata sauti ile ilikuwa somo. Alituambia kitu cha kwanza wanachokosea watu wa dharura ni kudhani sauti kubwa inatulizwa na sauti kubwa zaidi. Mtu mmoja aongee, wengine wanyamaze. Usisimame kati ya mgonjwa na mlango, ajione ana njia. Simama upande, usimkabili uso kwa uso kama mnataka kupigana. Mwambie jina lako. Muulize lake, ulitumie.

Halafu akaleta kitanda katikati ya ukumbi akaomba mtu wa kujitolea kufungwa.

Nilijitolea mimi. Sijui kama ilikuwa ni kutubu au ni kiherehere. Nikalala chali, wenzangu wanne wakashika kila mmoja kiungo chake, wawili mikono, wawili miguu, na mwalimu akasema wanishike dakika 2 kamili kwa kuangalia saa. Niliwajua wote kwa majina. Nilijua ni mchezo. Sekunde za mwanzo nilicheka. Halafu pua ikaanza kuniwasha, nikashindwa kuikuna. Nikaona feni ya dari ina panga moja limepinda. Na juu ya uso wangu, mwenzangu aliyeshika mkono wa kushoto akamuuliza wa kulia: "Hivi hela inaingia leo au mpaka kesho?" Wakaanza kuijadili, kodi wanakatwa kiasi gani, simu au benki. Mimi niko chini yao, nimeshikwa, na hakuna anayeniangalia. Nilipovuta mkono kidogo, mwenzangu akakaza bila hata kukatisha sentensi.

Sikuweza kusema kitu nilipoinuka. Mwalimu hakuniuliza nimejisikiaje, na nilimshukuru kwa hilo. Aliwauliza wao: "Ametazama wapi muda wote?" Hakuna aliyejua.

Alisema kumfunga mtu kupo, hatakudanganya mtu, usiku mna muuguzi mmoja na panga limeingia wodini mtafanya nini. Lakini iwe njia ya mwisho, iwe kwa muda mfupi, awepo mtu wa kumkagua kila baada ya dakika 15, na asilazwe kifudifudi hata siku moja, kwani mtu aliyekandamizwa kifua chini anakata pumzi huku nyinyi mnadhani ametulia. Na kabla ya kusema akili, ondoa mwili: sukari, joto, kipimo cha malaria, hewa ya oksijeni, jeraha la kichwa chini ya nywele, shingo iliyokakamaa ya homa ya uti wa mgongo, mama mjamzito au aliyejifungua juzi mwenye presha ya kifafa cha mimba, mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe siku mbili tatu zilizopita na sasa anaona wadudu ukutani. Alipofika kwenye sukari hakunitazama, hakujua habari zangu, lakini mimi niliinamisha kichwa nikaandika sana.

Siku ya pili ilikuwa ya watu wanaojaribu kujiua, na hapo Kiswahili kilitushinda wazi. Alitaka kila mmoja ageuke kwa jirani yake amuulize: "Je, unafikiria kujiua?" Maneno matatu tu. Ukumbi mzima ukaanza kuzunguka. "Umewahi kupata mawazo mabaya?" "Unajisikia kukata tamaa?" "Hujafikiria kufanya kitu kibaya?" Daktari mmoja mwenye miaka mingi kazini aliuliza, "Huna mpango wa kutuacha?" tukacheka mpaka machozi, na mwalimu naye akacheka. Kisha akasema mgonjwa akiulizwa kwa kuzungushwa, atajibu kwa kuzungusha. Kumuuliza mtu wazi hakumpandikizii wazo; wengi wanapumua kwa mara ya kwanza kwa kuwa kuna aliyelitamka. Akaturudisha mwanzo, tukawa tunalisema kwa zamu kama watoto wa chekechea, mpaka likaacha kuunguza ulimi.

Ugumu wetu hauishii kwenye ulimi. Hapa kwetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwetu familia inaleta mgonjwa inasema "amekula kitu kibaya" au "alidhani ni soda", kwa kuwa wanamwogopa polisi kuliko wanavyoiogopa sumu, na sisi tunabaki kubahatisha amekunywa nini wakati dakika zinakwenda. Nimeshuhudia askari amekaa pembeni ya kitanda anasubiri mtu azinduke aandikishe maelezo. Mgonjwa alipofungua macho, sare ndiyo aliyoiona kwanza. Hilo mafunzo ya siku tatu hayalitatui, hata yawe na vitumbua vya namna gani.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya niandike. Ni mwarobaini.

Nje ya ukumbi kulikuwa na mwarobaini mkubwa, na chini yake, siku zote tatu, walikaa madereva. Wale wa ambulensi waliotuleta kutoka wilaya mbalimbali. Wanacheza bao, wanalala kwenye viti vya mbele milango wazi, wanasubiri tumalize kufundishwa. Mchana waliitwa kula baada ya sisi kula. Siku ya pili jioni niligundua kwamba ndani ya ukumbi tulikuwa madaktari, wauguzi, mfamasia mmoja na matroni wawili, na kwamba hakuna hata mmoja wetu ambaye ndiye mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa wa akili. Wa kwanza ni mwenye bajaji. Kisha mlinzi. Kisha dereva. Mhudumu wa usafi anayefuta sakafu huku mgonjwa anapiga kelele. Wao ndio wanaotamka lile neno la getini, na sisi tunalipokea likiwa limeshapikwa.

Nikauliza kwa nini hawamo. Nikajibiwa barua ilisema "watumishi wa afya". Dereva yuko kundi la uchukuzi. Mlinzi ni wa kampuni binafsi, hata mwajiriwa wa hospitali si yeye. Na bajeti, bila shaka. Ajabu ni kwamba nchi hiihii ina mfumo wa m-mama: mjamzito au mzazi akizidiwa, piga 115, na pale ambapo ambulensi haipo anatumwa dereva wa kawaida wa mtaani aliyeandikishwa, analipwa kwa simu, anamkimbiza. Tumeshakubali kwamba dereva ni sehemu ya tiba linapokuja suala la barabara. Linapokuja suala la ukumbi wenye feni, anarudi kuwa dereva.

Yule mama mwalimu alinisikiliza, hakusema kitu. Siku ya tatu wakati wa chakula nilimwona ametoka na sahani yake, akaketi juu ya jiwe chini ya mwarobaini. Nikamfuata na yangu.

Hakuwafundisha kitu. Alikula. Akawauliza njia zilivyo, matairi, dizeli. Dereva wetu, mtu mzima, mimi namwita Baba kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa anamsimulia gari linavyosumbua kupanda mlima, kisha katikati ya habari za gia akasema, kama vile ni sehemu ya gia: "Simu ndizo mbaya."

Miaka michache nyuma kulikuwa na ajali ya basi kwenye barabara yetu. Siitaji jina. Alipiga safari nne usiku ule, ya mwisho haikuwa na majeruhi tena. Alikuwa peke yake mbele, muuguzi amebaki kule kwa walio hai. Nyuma, mifukoni mwa marehemu, simu zikaanza kuita. Habari zilikuwa zimeshasambaa na ndugu wanapiga. Moja inakata, nyingine inaanza. Moja ilikuwa na mlio wa kaswida, akasema, hiyo iliita tangu darajani mpaka mochwari. Alifika, akakabidhi, akaosha gari mwenyewe kwa ndoo na sabuni ya unga, asubuhi akaendelea na zamu.

Tangu siku hiyo simu yake haina mlio. Haina hata mtetemo. Mkewe humpigia mara kumi hapokei. Ameshatuhumiwa kuwa na mwanamke wa nje, vikao vya ukoo vimekaa mara mbili. "Sasa mtu utamwambiaje," alisema, "kwamba unaogopa kuitwa?"

Sisi wa ndani baada ya ajali ile tulikusanywa. Wiki hiyohiyo, chumba kimoja, viti vya duara, kila mtu aeleze alichokiona kibaya kuliko vyote. Wengine walilia, mmoja alitoka nje hakurudi. Dereva hakuitwa, na sasa nasikia aibu kusema huenda kwenye hilo alikuwa na bahati. Utaratibu wa namna ile ulienezwa na Mmarekani Jeffrey Mitchell kuanzia 1983, kwa nia njema, kwa ajili ya zimamoto na watu wa ambulensi. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya tafiti za kikao cha mara moja baada ya tukio, 2002, hawakuona kwamba kinazuia mtu asiumie baadaye, na kulikuwa na dalili kwamba wengine kinawazidishia. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani 2011 unasema wazi usimlazimishe mtu asimulie. Tazama, sikiliza, unganisha. Mpe maji, mpe pa kukaa, jua kama amekula, jua nani wa kumpeleka nyumbani, mtafute tena baada ya siku chache. Sahani ya wali juu ya jiwe, kwa maneno mengine.

Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na waliokufa walipita 100. Mei 2017 kule Karatu basi la wanafunzi lilitumbukia bondeni, watoto 32, walimu wawili na dereva. Nchi ililia, viongozi walikuja, wafiwa walishikwa mkono na ndivyo inavyotakiwa. Kila nikiyakumbuka sasa nawaza magari yaliyobeba. Nani aliyaosha, kwa ndoo ipi.

Niliporudi kazini sikupewa bajeti ya chochote, kwa hiyo nilianza na getini. Mlinzi wetu na mwenzake wa zamu ya mchana, chai ya maziwa, maandazi, dakika 30. Nikawaambia msiniletee jina, nileteeni mnachokiona: anatoka jasho, amelowa, ananuka pombe, amechubuka kichwa, yuko na nani. Na mama yeyote anayelia nje, kabla hamjamzuia, muulizeni anataka kusema nini. Mlinzi akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kule ukumbini: "Na mimi nikishampiga magoti mtu nikamshika, halafu ikaonekana ni sukari, mimi nafanyaje na hiyo?" Nikamwambia hata mimi bado ninayo. Tukanywa chai.

Wiki mbili zilizopita, saa tisa usiku, alinijia dirishani. "Sista, kuna mama anaongea peke yake, hatoki jasho, miguu imevimba, yuko na binti yake. Njoo na kile kidude cha kidole." Nikaenda nacho. Sukari 6.2. Joto sawa, malaria hakuna, presha sawa, figo tulizipima asubuhi yake. Alikuwa mgonjwa wa akili kwelikweli, ameacha dawa miezi mitatu kwa sababu nauli ya kliniki ilikuwa haipo, na miguu ilivimba kwa kutembea. Hakufungwa. Alitaka kukaa karibu na mlango, tukamwacha akae karibu na mlango, na mlinzi akavuta benchi akakaa upande wake, pembeni, akamwambia jina lake.

Dereva bado simu yake haiiti. Namba yangu amempa mkewe. Siku hizi akimtafuta, ananipigia mimi.